Kiungo Kikifa, Rejeleo Libaki

Hotuba ya mkutubi kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaoanza kuandika tasnifu

Ndugu Mkuu wa Idara, wahadhiri, na ninyi wanafunzi mliofika hapa tangu asubuhi na mapema, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kurejelea vyanzo vya mtandaoni. Najua wengi mmekuja na maswali ya alama: mkato unakaa wapi, nukta inakaa wapi, mwaka unaingia kwenye mabano au hauingii. Majibu ya maswali hayo yamo katika mwongozo wa idara yenu, na mwongozo huo mtaufuata hata pale msipoupenda. Mimi nimekuja kwa jambo linalotangulia alama. Rejeleo huandikwa kwa ajili ya mtu usiyemjua: mtahini wa nje aliyeko chuo kingine, au kijana atakayeifungua tasnifu yako mwaka 2040 akitaka kuendeleza pale ulipoishia. Mtu huyo anataka kukiona kile ulichokiona wewe. Na kwa vyanzo vya mtandaoni, anwani peke yake mara nyingi haitamfikisha.

Ukubwa wa tatizo hili umepimwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha uchunguzi wao juu ya viungo, yaani anwani za wavuti, vilivyomo katika majarida ya sheria na katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani. Katika Harvard Law Review na majarida mengine waliyoyachunguza, zaidi ya asilimia 70 ya viungo havikumpeleka tena msomaji kwenye maandishi yaliyokuwa yamerejelewa. Katika hukumu za Mahakama ya Juu ilikuwa nusu ya viungo. Hizo ni hukumu ambazo watu hufungwa, huachiwa na hupoteza mali kwa mujibu wake. Miaka kumi baadaye, mwaka 2024, kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwapo mwaka 2013 hazikuwa zikipatikana tena.

Kiungo hufa kwa namna mbili. Namna ya kwanza mnaijua: unabofya, unaambiwa ukurasa haupo. Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu haitoi taarifa yoyote. Ukurasa unafunguka vizuri, lakini yaliyomo si yale uliyoyasoma. Takwimu zimesahihishwa, aya imeondolewa, picha imebadilishwa. Msomaji anakuta maneno yasiyolingana na nukuu yako, naye ana haki ya kudhani kwamba umebuni.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Nimeikuta namba hiyo katika mapendekezo mengi ya utafiti, na mbele yake mabano yenye anwani ya tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ile ya ukurasa wa mbele, basi. Hiyo ni sawa na kumwambia mgeni kwamba unaishi Kariakoo, kisha ukazima simu. Tovuti ile ina sensa ya 2012, ina sensa ya 2022, ina ripoti za mfumuko wa bei, za kilimo, za afya ya uzazi. Msomaji aanzie wapi?

Rejeleo kamili la namba hiyo linataja waandishi wake, ambao ni taasisi mbili: Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ya Zanzibar. Linataja mwaka ripoti ilipotolewa, ambao si lazima uwe mwaka wa sensa yenyewe, maana ripoti za sensa hutoka moja baada ya nyingine kwa muda mrefu. Linataja kichwa cha ripoti kama kilivyo jaladani, kwa lugha iliyo jaladani. Ndani ya matini unataja ukurasa au namba ya jedwali. Anwani inakuja mwisho. Kwa Kenya ni vivyo hivyo: idadi ya watu 47,564,296 ya sensa ya 2019 imo katika ripoti iliyotoka kwa juzuu kadhaa, na anayekuambia "KNBS, 2019", yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Kenya, bila kutaja juzuu amekuachia kazi ambayo alipaswa kuifanya yeye.

Sasa fumba anwani kwa kidole, usome rejeleo lililobaki. Je, bado unaweza kuitafuta ripoti hiyo maktaba, kwenye mtambo wa utafutaji, au kwa kuiandikia ofisi iliyoitoa? Kama unaweza, rejeleo ni zima. Kama ukishafumba anwani hakuna kinachobaki, huna rejeleo, una kiungo tu.

Nalisisitiza hili kwetu sisi kwa sababu anwani za vyanzo vyetu zinahama sana. Wizara hugawanywa, huunganishwa na kubadilishwa majina. Wizara ya Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wakati mmoja ilibaki kuwa Wizara ya Utamaduni, Sanaa na Michezo, habari zikahamia kwenye wizara ya mawasiliano. Kila badiliko la namna hiyo linagusa tovuti, na hotuba na ripoti zilizokuwa ukurasa huu hazijulikani zimewekwa wapi. Hata majarida ya kitaaluma huhama. Makala za Swahili Forum, jarida wanalolitegemea sana watu wa fasihi na isimu ya Kiswahili, zilikuwa zamani kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Mainz, kisha zikahamia Leipzig. Mwandishi aliyeandika jina la makala, jina la jarida, namba ya toleo na kurasa, makala yake inapatikana hadi leo. Aliyeandika anwani ya Mainz tu amempa msomaji mlango uliofungwa.

Kwa hiyo anzeni na mwandishi. Hapa nina jambo linalonigusa, maana nalikuta kila mwaka. Magazeti yetu huandika juu ya habari, "Na Mwandishi Wetu." Mwanafunzi anaipeleka habari hiyo kwenye programu ya marejeleo, programu inaona maneno mawili, inadhani ni jina la kwanza na jina la ukoo, na katika orodha anatokea mtu anayeitwa Wetu, M. Nimekutana naye katika tasnifu zilizokwisha kupita kwa watahini. "Mwandishi Wetu" maana yake gazeti halikumtaja mwandishi. Katika mtindo wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, habari isiyo na mwandishi huanza na kichwa chake, kisha tarehe kamili, kisha jina la gazeti. Tarehe kamili, narudia, siku na mwezi na mwaka, kwa sababu gazeti la kila siku hutoka mara nyingi mno kwa mwaka mmoja kwa msomaji kubahatisha.

Majina ya watu wetu nayo yanahitaji jicho la mtu. Zotero, Mendeley na programu nyingine za namna hiyo zimeokoa muda mwingi, nami nawahimiza mzitumie tangu leo, siyo wiki ya mwisho. Lakini zilitengenezwa kwa desturi ya majina ya Ulaya na Marekani. Ukiziachia jina la Siti binti Saad zitakuletea Saad, S. b., na hakuna msomaji wa taarabu duniani atakayemtafuta mama huyo chini ya jina la Saad. Jina lenye "bin" au "binti" liingizwe zima kama uga mmoja, na liorodheshwe kwa jina ambalo mwenyewe anajulikana kwalo. Orodha ya marejeleo isomwe na mtu, mstari kwa mstari, kabla haijatoka mikononi mwako.

Na kwa kuwa nimemtaja Siti: sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, na leo nyimbo hizo zinasikika YouTube, zimepandishwa na watu mbalimbali. Ukirejelea rekodi kama hiyo, msomaji anahitaji kujua mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: nani aliimba na lini, na nani aliiweka mtandaoni na lini. Mwenye akaunti siye msanii. Mwaka wa kupandisha video siyo mwaka wa kurekodi. Nimeona wimbo wa miaka ya 1920 ukiandikwa "2014" katika orodha, na hoja nzima ya sura ikaegemea mwaka huo. Yaandikeni yote mawili, na mnaponukuu maneno ya wimbo au mahojiano, tajeni dakika na sekunde, kama ambavyo mngetaja ukurasa wa kitabu.

Kurasa za wavuti zisizo na namba zinafanyiwa hivyohivyo: hesabu aya, useme ni aya ya ngapi, au taja kichwa kidogo kilicho juu ya aya hiyo. Ukurasa ukikosa tarehe, sema kwamba hauna tarehe. Msichukue mwaka wa haki miliki unaoonekana chini kabisa ya tovuti, kwani huo mara nyingi hujibadilisha wenyewe kila Januari na hausemi lolote juu ya siku makala ilipoandikwa.

Baadhi ya vyanzo vyetu vya mtandaoni vina utambulisho mzuri sana ndani yake, ila hatuutumii. Majadiliano ya Bunge la Tanzania yamewekwa mtandaoni, kwa Kiswahili, na kila faili lina jina la mkutano, namba ya kikao na tarehe. Kwa mtafiti wa lugha ya siasa hiyo ni hazina. Lakini naona marejeleo yanayosema "Bunge" na anwani ndefu ya mistari mitatu. Andikeni mkutano, kikao, tarehe na ukurasa. Hata tovuti ya Bunge ikijengwa upya, kikao cha tarehe hiyo kitabaki kikao cha tarehe hiyo.

Kwa makala za majarida, kuna namba ya DOI. Ni namba inayoanza na 10, ikifuatiwa na nukta, tarakimu za mchapishaji, mkwaju, kisha utambulisho wa makala. Kazi yake ni kutenganisha utambulisho wa makala na mahali ilipohifadhiwa. Jarida likihamia tovuti nyingine, mchapishaji husajili anwani mpya, na namba inaendelea kumpeleka msomaji pale makala ilipo sasa. Shirika la Crossref, lililoanzishwa mwaka 2000, ndilo linalosajili namba nyingi za makala za kitaaluma, na tangu mwaka 2017 linashauri namba iandikwe kama anwani kamili, ikianza na https://doi.org/. Makala ikiwa na namba hiyo, iandikeni hiyo na muache anwani nyingine zote. Msiweke nukta mwishoni mwake, maana mtu akiinakili pamoja na nukta huenda isifunguke.

Majarida yetu mengi hayajasajili namba hizo, nalo ni jambo ambalo wahariri waliomo ukumbini wanapaswa kulibeba. Kwa sasa, angalieni kama jarida limo katika African Journals Online, hifadhi iliyoanza 1998 na yenye makao yake Afrika Kusini. Kiungo cha ukurasa wa makala katika hifadhi ya namna hiyo ni bora kuliko faili lililopandishwa na mtu kwenye tovuti yake binafsi.

Ziko anwani ambazo hazifai kabisa, na nazitaja kwa sababu zinakuja kila mwaka. Anwani ya matokeo ya utafutaji wa Google siyo anwani ya chanzo. Anwani iliyopitia mlango wa maktaba ya chuo haifunguki kwa mtu asiye na nywila yetu. Anwani iliyofupishwa inategemea uhai wa kampuni iliyoifupisha, na mwaka 2018 Google yenyewe ilitangaza kwamba inaiacha huduma yake ya goo.gl. Na kuna anwani inayoanza na herufi C, nukta pacha, ambayo ni njia ya faili ndani ya kompyuta ya mwanafunzi mwenyewe. Hiyo haifunguki popote duniani ila kwenye meza yake.

Sasa tarehe ya kusoma. Toleo la saba la mwongozo wa APA, lililotoka Oktoba 2019, linasema usiandike siku uliyousoma ukurasa isipokuwa pale yaliyomo yameundwa ili yabadilike. Mitindo ya Harvard, kinyume chake, huitaka siku hiyo kwa kawaida. Msimamo wangu ni kwamba kwa tovuti za serikali, magazeti na mashirika ya kwetu, mwandishi ajione yumo ndani ya ile "isipokuwa" ya APA, na aandike siku aliyosoma. Mstari hautazidi kwa maneno matatu, na mtahini hatakulaumu kwa kusema ukweli zaidi ya ulioombwa.

Lakini kuandika siku hakuuhifadhi ukurasa, na kuuhifadhi ndilo jambo ambalo ningependa mlichukue leo kuliko yote. Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996 huko San Francisco, ina hifadhi ya kurasa za wavuti iitwayo Wayback Machine, ambayo imekuwa wazi kwa umma tangu 2001. Mtu yeyote anaweza kubandika anwani pale na kuagiza ukurasa uhifadhiwe jinsi ulivyo sasa hivi. Unapewa anwani mpya yenye tarehe na saa ndani yake. Hailipishwi. Fanyeni hivyo siku ileile mnaposoma, kwa sababu ukisubiri hadi wiki ya kuwasilisha, ukurasa utakaouhifadhi huenda siyo ule ulioutumia. Na bado wekeni nakala ya PDF katika folda yenu, maana hata hifadhi hiyo kubwa ilishambuliwa Oktoba 2024 na kwa siku kadhaa haikufunguka.

Kuhusu Wikipedia sina ugomvi nayo, na ya Kiswahili, iliyoanza 2003, imejengwa na watu wanaoipenda lugha hii. Ukiitumia kupata mwanga, shuka chini kwenye vyanzo vyake ukasome hivyo na kurejelea hivyo. Ukiwa unaichunguza yenyewe, kwa mfano jinsi istilahi zinavyotumika humo, rejelea toleo mahususi: kila badiliko lina tarehe yake katika historia ya ukurasa, na kila toleo lina kiungo chake cha kudumu.

Makundi ya WhatsApp ni suala jingine. Wengi mnakusanya data humo, methali mpya, utani, mijadala ya siasa. Ujumbe wa kundi lililofungwa hauwezi kutafutwa na msomaji, kwa hiyo hauingii katika orodha ya marejeleo. Ukinukuliwa kama maoni ya mtu, unatajwa ndani ya matini kama mawasiliano binafsi. Ukiwa ni data, unaelezwa katika sura ya mbinu, pamoja na idhini uliyopewa na namna ulivyoficha majina. Mtu aliyeandika akijua anasemezana na jamaa zake hakuandika kwa ajili ya tasnifu yako, na heshima hiyo tunamdai kila mtafiti.

Nimeliacha la akili mnemba hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu linaeleweka vizuri mtu akishajua rejeleo ni la nani. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, sisi wakutubi tunaletewa maombi ya makala zisizokuwapo. Jina la mwandishi ni la profesa wa kweli. Jarida ni la kweli. Mwaka, juzuu na kurasa vinaonekana sawa. Tunatafuta, tunaandikia maktaba nyingine, na makala haipo kwa sababu haikuwahi kuandikwa. Programu hizi hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, na rejeleo nalo ni maneno yaliyopangwa. Mwaka 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca mjini New York, mawakili waliwasilisha mahakamani hukumu zilizotungwa na programu hiyo, na jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Mawakili wale walikuwa na mahakama iliyokagua. Tasnifu ya Kiswahili inaweza kukaa miaka mingi bila mtu kukagua, huku wengine wakinakili rejeleo lile la uongo kutoka kwake. Wasomi wanaoandika kwa Kiswahili ni wachache, na kila mmoja anaegemea kazi ya mwenzake. Nawasihi sana katika hili.

Kanuni ni ngumu na haina msamaha: hakuna kinachoingia katika orodha yako ambacho hukukifungua na kukisoma mwenyewe. Kama umekisoma ndani ya kitabu cha mtu mwingine, sema hivyo, kwamba kimenukuliwa katika kitabu fulani. Namba ya DOI, ijaribu. Juzuu na kurasa, zilinganishe na jedwali la yaliyomo la jarida. Na kama ulitumia programu ya akili mnemba kwa kazi yoyote ndani ya utafiti, mwambie msimamizi wako, kisha eleza katika sura ya mbinu ni programu ipi, toleo lipi, na ilifanya nini.

Sasa tuingie kazini. Kila mmoja afungue pendekezo lake, achague marejeleo matatu ya mtandaoni, na ayaandike kwenye karatasi bila anwani, kisha ampe jirani yake. Jirani ana dakika kumi za kuvitafuta vyanzo hivyo kwa maelezo aliyopewa peke yake. Asichokipata kirudi kwa mwenyewe, na mkirekebishe wawili pamoja kabla ya saa ya chai. Mimi na wenzangu wa maktaba tutapita meza kwa meza. Walio na magazeti ya zamani na rekodi za sauti watuite mapema, hizo ndizo zinazochukua muda.